Mwaka na nusu na mashine ya sikio, nami nina miaka 72

Nyota nne kwa mashine yenyewe, ile inayopandikizwa ndani ya sikio kwa upasuaji (cochlear implant). Nyota mbili kwa kliniki ya Kampala ninakokwenda kurekebishiwa, na moja kati ya hizo mbili ni ya kijana mmoja tu. Nitaeleza.

Kabla ya upasuaji nilitafuta mtu wa umri wangu aliyeandika kwa Kiswahili jinsi mashine hii inavyomfaa, nikakosa. Nilizozipata zilikuwa habari za watoto wadogo. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya wazee wenzangu. Mimi nauza mchele na maharage Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka 28 nilisimamia kinu cha kusaga posho, yaani unga wa mahindi, pamoja na marehemu mume wangu. Injini ya dizeli ilikuwa hatua mbili kutoka kiti changu. Sikio la kushoto lilikufa nikiwa msichana, nilipougua matumbwitumbwi. La kulia ndilo nililolelea watoto na kuendeshea biashara, mpaka kelele na umri vikalimaliza. Miaka sita ya mwisho nilivaa kifaa cha kukuza sauti. Kilikuza kelele, maneno yakabaki palepale.

Daktari alinieleza tofauti ya kifaa hicho na mashine hii, nikaielewa kwa lugha ya kinu. Mkanda ukikatika, hata uongeze mafuta kwenye injini, jiwe halizunguki. Ndani ya sikio kuna koklea, imejikunja kama ganda la konokono, na humo mna vinyweleo vinavyopokea sauti. Vikifa, kukuza sauti ni kuongeza mafuta tu. Mashine hii inapita vinyweleo hivyo kabisa: waya mwembamba unaingizwa ndani ya koklea na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Kipande cha nje kinakaa nyuma ya sikio, na kisahani chake kinanata kichwani kwa sumaku, ngozi ikiwa katikati.

Swali langu la kwanza lilikuwa umri. Nilikuwa na miaka 71 na nilidhani atanirudisha nyumbani. Alisema wazee wa miaka 70 na 80 wanafaidika, na kwamba wakiwa mahali patulivu wengi hawaachwi mbali na vijana. Wanapoachwa ni kwenye kelele, kwa sababu ubongo wa mzee unachelewa kuchambua sauti zinazokuja pamoja. Kisha akasema neno ambalo naomba kila mwenye mzazi kiziwi alishike: kinachoharibu matokeo zaidi ya umri ni miaka ambayo sikio limekaa kimya. Ndiyo maana hakuweka mashine upande wa kushoto, ingawa mimi nilitaka hivyo ili nisiguse la kulia lililobaki. La kushoto lilikuwa kimya karibu miaka 60. La kulia lilikuwa bado linakumbuka maneno.

Watoto walichanga, tukauza kiwanja, tukaenda India. Walinipima moyo na presha, wakanichoma chanjo ya kuzuia homa ya uti wa mgongo, nikapasuliwa. Kizunguzungu kilinishika siku kumi, nikawa natembea nikishika ukuta. Mzee asiende peke yake.

Wiki ya tatu wakaiwasha. Binti yangu alikaa mbele yangu akasema "Mama", nami nikasikia msumari ukikwaruza bati, mara mbili. Nililia, na si kwa furaha. Wiki ya pili baada ya kuwashwa nikatambua kijiko kikigonga kikombe. Mwezi wa pili nilimsikia mjukuu wangu akiniita "bibi" kutoka jikoni bila kumwona mdomo. Hapo ndipo nilipoamini.

Sasa nizungumzie mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Ushungi ukifunika maikrofoni, unasikia kitambaa kikisugua badala ya watu. Nimejifunza kuufunga nyuma zaidi, na chini yake navaa kofia nyepesi niliyoitoboa pale maikrofoni ilipo. Kwenye sujudi kisahani kilikuwa kinadondoka. Walinipa sumaku yenye nguvu zaidi, ikakaa, lakini ngozi ya mzee ni nyembamba, ikaanza kuwa nyekundu na kuuma. Tukarudi kwenye ile ya mwanzo na kamba ndogo ya kuishikilia kwenye nguo. Adhana naisikia, kila neno nalitambua, ila mahadhi yamepotea. Mashine hii haipeleki vizuri kupanda na kushuka kwa sauti, na muadhini niliyemzoea anasikika kama anayesoma orodha. Hilo bado linaniumiza. Tena usiku naivua, kwa hiyo alfajiri sisikii kitu, mjukuu huja kunigusa mguu.

Betri nazo. Ni vidonge viwili vidogo, namba 675, kwangu zinakwisha kwa siku mbili. Vidole vyangu vimekakamaa, na kuvipanga kwenye kijumba chake nahitaji meza, mwanga na utulivu. Ipo betri ya kuchaji ambayo ni rahisi kushika, lakini umeme wetu unakatika, kwa hiyo nazo zote mbili. Jasho ni adui; kila usiku mashine inalala kwenye kopo lenye dawa ya kukausha unyevu.

Kliniki. Ni mwendo wa zaidi ya saa nne kwa taxi, Bugiri, Iganga, Jinja, mpaka Kampala. Mara ya kwanza nilikaa ndani dakika 20. Aliyenihudumia alizungumza na binti yangu muda wote, akiniita Jajja, yaani bibi kwa Kiganda: "Jajja anasikiaje? Jajja anavaa kila siku?" Mimi nipo, nimeivaa, namsikia. Akanipima kwa kadi za picha za bata na mpira, kisha kwa orodha ya maneno ya Kiingereza. Mimi niliacha shule darasa la nne. Nikakosa karibu yote, na kwenye faili akaandika kwamba maendeleo ni madogo kutokana na umri. Haikuwa kutokana na umri. Mtu hawezi kurudia neno asilolijua, hata angekuwa na masikio ya kijana.

Nililalamika. Mara ya pili nikapokewa na kijana aliyekulia Tororo, anayesema Kiswahili. Alinisalimu shikamoo, akakaa tukitazamana, akatuma mlio mmoja mmoja kwenye kila sehemu ya waya na kusubiri niseme: sasa nasikia kidogo, sasa inatosha, sasa inaumiza. Akatulia hadi nijibu. Ilichukua saa moja na nusu. Kisha akafunika mdomo kwa karatasi akasoma sentensi za Kiswahili alizoziandika mwenyewe. Kati ya maneno 100 nilipata 68. Akawasha redio nyuma yake, nikashuka mpaka 31. Hakunificha. Alisema pengo hilo la kelele kwa umri wangu litapungua taratibu, pengine lisiishe, na akaniongezea kwenye mashine programu ya pili ya kutumia sokoni.

Pia alinipa mazoezi yanayofanana na maisha yangu. Nilimwambia shida yangu ni "sita" na "tisa". Mteja anasema tisa, nasikia sita, na hapo elfu tatu imeondoka. Basi kila jioni mjukuu anakaa nyuma yangu kwenye gunia la mchele anasoma bei: elfu sita, elfu tisa, elfu saba. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakisia. Sasa kati ya kumi napata nane, duka likiwa kimya. Barabarani nasikia boda boda kabla haijanifikia, na kwa mtu wa Busia, mji uliozaa jina hilo, huo ni usalama mkubwa.

Kwa kliniki: andaeni orodha za maneno kwa lugha tunazozisema, na mpeni mzee saa nzima. Nimeandikiwa kurudi mwezi wa tatu. Binti yangu atanisindikiza, ila nimemwomba anisubiri nje.