Dodoso la haiba la maswali 44: zuri kwa mazungumzo, baya kwa ajira

Tunalolipitia hapa ni Big Five Inventory, toleo la maswali 44, katika tafsiri ya Kiswahili ambayo washauri wa ajira jijini Mwanza huwapa wenye hoteli, maduka na viwanda vya minofu ya sangara. Kurasa mbili, kalamu moja, dakika 10 hadi 15. Mtu anajipa alama 1 hadi 5 kwa kila sentensi, kisha anatolewa wastani wa sifa tano: uchangamfu (maswali 8), wema kwa watu (9), umakini (9), wasiwasi (8) na udadisi (10). Dodoso lenyewe limeundwa vizuri. Linaharibikia mikononi mwa watumiaji.

Wengi hukosea kwenye usahihishaji. Maswali 16 yameandikwa kinyume cha sifa inayopimwa, kwa hiyo alama zake hugeuzwa: unachukua 6 unatoa alama ya mjibuji, aliyeandika 5 anapata 1. Sasa mchukue mama wa dagaa pale mwaloni Kirumba, anayesomewa maswali na kijana mwenye kitambulisho shingoni. Kwa adabu tu anaitikia ndiyo, 5 mwanzo mwisho. Usipogeuza, ripoti itamwita makini kabisa na mwenye wasiwasi kabisa kwa pamoja. Ukigeuza, umakini wake unashuka hadi 3.2 na udadisi unabaki 4.2, eti mama anapenda mambo mapya kuliko kazi! Sababu ni kwamba umakini una maswali manne ya kinyume, udadisi una mawili. Kabla ya kujumlisha chochote, tafuta sentensi zinazopingana. Aliyezikubali zote karatasi yake iweke kando, ukae naye mzungumze.

Tafsiri nayo ina shimo lake, na shimo hilo linaitwa "mpole". Kwa Kiswahili mpole ni mkimya, ni mtaratibu, ni mwema, vyote kwa mpigo. Neno hilo likitumika kwenye swali la ukimya, mtu anajisifia wema huku anakatwa alama za uchangamfu. Wanaoumia zaidi ni wasichana. Binti aliyelelewa Magu au Misungwi, anayepiga goti kumsalimia mkubwa, hawezi kujiandika "mwongeaji" mbele ya bosi mtarajiwa, hata kama sokoni hakuna anayemshinda kwa kunadi. Andika "hukaa kimya akiwa na watu" na tatizo linapungua sana.

Ila kosa kubwa ni kulinganisha wastani wa wanaume na wa wanawake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliotumia dodoso hilihili kwa watu 17,637 wa mataifa 55, ulikuta tofauti za kijinsia ni kubwa zaidi katika nchi tajiri zenye usawa zaidi, kinyume na watu wengi walivyotarajia. Maelezo mojawapo ni kwamba mtu hujipima kwa wenzake. Mvuvi anayeingia ziwani usiku na taa za dagaa akiulizwa kama ana wasiwasi, anawafikiria wavuvi wenzake. Mwanamke anayeanika dagaa mchangani anawafikiria waanikaji. Kila mmoja anajiona wa kawaida, anaandika 3, na pengo lililopo kati yao halionekani kwenye karatasi. Pale ambapo wanaume na wanawake wanafanya kazi moja ofisi moja, wanajipima wao kwa wao, pengo linajitokeza. Maelekezo juu ya karatasi yaseme wazi: jilinganishe na watu wote wa rika lako unaowafahamu, wanaume kwa wanawake. Nakala tuliyoipitia haina mstari huo.

Halafu kuna Watsimane wa Bolivia, wakulima na wavuvi wa mtoni. Watafiti walipowapima watu 632, matokeo yaliyotoka mwaka 2013, sifa zile tano hazikujipanga kabisa kama zinavyojipanga Marekani. Kwa hiyo mshauri akikuambia kipimo chake ni kilekile popote duniani, muulize amekijaribu wapi.

Tunalipa nyota tatu kati ya tano. Linafaa kuanzisha mazungumzo ya kikundi cha kukopeshana, au kumsaidia mwanafunzi anayechagua fani. Kumnyima mtu kazi kwa sababu ya 2.9 ya uchangamfu ni uonevu. Na usilipie karatasi tupu: maswali ya IPIP, mkusanyiko wa kimataifa wa maswali ya haiba, yanayopima sifa hizohizo, ni mali ya umma na hayana ada. Kama ni kulipa, mlipe atakayeyatafsiri vizuri, ayajaribu kwanza kwa watu wachache wa Igoma na Ukerewe, ndipo apige fotokopi.