Methadoni au soba hausi: mraibu wa heroini aanzie wapi?

Methadoni, dawa mbadala ya heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, haimhamishi mtu kwake. Kila siku anafika dirishani, anakunywa dozi yake ya dawa ya maji mbele ya mhudumu, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Arosto, yaani mateso ya kukosa unga, inatulia: kuharisha, jasho na maumivu ya mifupa vinakoma, akili inapata nafasi ya kuwaza kazi na watoto. Dawa ni bure. Kinachochosha ni nauli ya kila siku, tena kwa miaka.

Soba hausi ni kuhama kabisa: miezi kadhaa ndani, bila dawa mbadala, pamoja na wenzako waliopitia unga, mkifuata hatua 12 za kupona za vikundi vya kusaidiana. Udugu ule ni tiba kweli. Lakini mara nyingi familia hulipia, na hatari kubwa iko baada ya kutoka: mwili umeshapoteza mazoea ya unga, kipimo kile kile cha zamani kinaweza kuua.

Kwa heroini, mimi ningempeleka ndugu yangu kwenye methadoni kwanza. Kwa pombe au bangi methadoni haisaidii. Popote atakapokwenda, ulizeni kama kuna wa kumpima sonona, maana ikiachwa humrudisha kijiweni.