Kutambuliwa kuwa muuguzi Uingereza nikiwa Moshi: uzoefu wangu na huduma ya NMC

Mimi ni muuguzi mkunga mwenye stashahada. Nimefanya kazi mjini Moshi kwa miaka sita, kwanza katika wodi ya wazazi na baadaye katika wodi ya wanawake ya magonjwa ya ndani, na kwa miezi 18 iliyopita nimekuwa nikifuatilia usajili katika NMC, yaani baraza linalosimamia wauguzi na wakunga wa Uingereza. Barua ya uamuzi inayoniruhusu kufanya mtihani wa mwisho ninayo sasa. Ninaandika tathmini hii kwa sababu nilipoanza sikumpata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili jinsi hatua hizi zinavyokwenda kwa mtu anayeishi Kilimanjaro, na kutojua huko kulinigharimu fedha, na nusura kunigharimu vyeti vyangu. Niseme mapema kwamba huduma yenyewe ni ya wazi kuliko nilivyotegemea. Karibu kila kilichonichelewesha kilitokea huku kwetu, tena kwenye karatasi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupitia kwa wakala. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, mjini Arusha, na nilipokelewa kwa heshima zote. Nikaambiwa ada ya kufungua jalada ni shilingi 1,200,000, na kwamba vyeti vinavyohitajika ni vile halisi, siyo nakala. Nilitoa nusu ya fedha, nikakabidhi bahasha ya kaki yenye cheti cha kidato cha nne, stashahada na cheti cha usajili. Kwa miezi minne kila nilipopiga simu nilijibiwa kwamba jalada langu limeshafika Uingereza na linafanyiwa kazi. Usiku mmoja nikiwa nimetoka zamu ya jioni nilifungua tovuti ya NMC mwenyewe kwenye simu, na hapo nikaelewa kwamba hakuna jalada linaloweza kufunguliwa bila barua pepe yangu, pasipoti yangu na majibu yangu mwenyewe. Kufungua akaunti kulichukua muda usiofika nusu saa, na hakuna mahali popote nilipoombwa kutuma cheti halisi kwa mtu. Asubuhi yake nilipanda basi kwenda Arusha pamoja na mjomba wangu. Bahasha tuliikuta kwenye droo, imebanwa na pini zile zile tatu nilizozibana mwenyewe Moshi. Haikuwa imefunguliwa hata siku moja. Fedha hazikurudi hadi leo.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo ningelijua mapema nisingeingia katika ofisi ile. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Ile ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo. Serikali ya Uingereza huzipaka nchi hizo rangi nyekundu katika mwongozo wake wa ajira, na maana yake ni kwamba waajiri na mawakala hawapaswi kuja kuwatafuta wauguzi huku. Muuguzi anayeomba mwenyewe, kwa hiari yake, hajazuiwa. Mwongozo huo huo unakataza kumtoza muuguzi ada ya kutafutiwa kazi. Kwa hiyo mtu anayekwambia mjini Arusha kwamba ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi, na kwamba lazima ulipe, amekwenda kinyume na mwongozo huo mara mbili katika sentensi moja. Ninaielewa sababu ya orodha hiyo, maana nimefanya zamu ya usiku peke yangu nikiwa na wagonjwa zaidi ya thelathini. Lakini nimefanya kazi pia na wahitimu waliokuwa wakijitolea wodini kwa posho ya nauli, wakisubiri ajira mwaka wa pili na wa tatu, na sioni kwamba mmoja wao akiamua kuomba nje amemwibia mtu chochote.

Sasa nije kwenye majina, kwa kuwa hapo ndipo miezi yangu mingi ilipoishia. Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili. Stashahada ina majina matatu, lakini jina la ukoo limeandikwa bila herufi moja, h, ambayo imo katika cheti cha kuzaliwa na katika pasipoti. Leseni ilifuata stashahada, kwa hiyo kosa lile likahamia huko. Hapa nchini hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu kila mtu anajua majina ya Kichaga huandikwa kwa namna mbili tatu na mtu akabaki yule yule. Kwa msomaji aliye London ambaye hajawahi kukuona, ukoo wenye h na ukoo usio na h ni watu wawili. Chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, kilichukua wiki kumi kushughulikia masahihisho, na muda mwingi wa wiki hizo ulitumika kunirudisha kutoka dirisha moja hadi jingine, huku karani akitaka nieleze kwa nini sikuliona kosa siku ya mahafali. Nilikwenda kwa wakili nikala kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote hayo ni yangu, na hati hiyo ya kurasa mbili, iliyoskaniwa katika steshenari karibu na stendi kuu, imenisaidia kuliko karatasi nyingine yoyote niliyoilipia.

Ningemshauri kila muuguzi amalize suala la majina kabla ya kulipia mtihani wowote. Mitihani ya lugha na ya uuguzi, ule unaofanywa kwenye kompyuta, huandikishwa kwa jina lililo katika pasipoti, na matokeo ya kila mmoja hudumu miaka miwili tu. Anayefanya mtihani kwanza na kuhangaikia vyeti baadaye huweza kukuta matokeo yamekwisha muda wake wakati cheti ndiyo kwanza kinatoka.

Kuhusu uthibitisho wa usajili sina mengi ya kusema. Uthibitisho hutoka katika Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kwenda NMC moja kwa moja bila kupita mikononi mwa mwombaji, na ni lazima leseni yako iwe hai. Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu nacho niliombwa, nikakipata bila shida.

Mtihani wa Kiingereza niliufanya Dar es Salaam. NMC hukubali IELTS ya kitaaluma au OET, ambao ni mtihani wa Kiingereza wa watumishi wa afya. Mimi nilichagua IELTS. Kiwango kinachotakiwa ni 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mara ya kwanza nilipata 7.5, 7 na 7, lakini kuandika nikapata 6. Nililia ndani ya basi kutoka Chalinze hadi Korogwe, kwa kuwa nilidhani kila kitu kimeanza upya. Mara ya pili kuandika kulipanda hadi 6.5, ila kusoma kukashuka hadi 6.5. Kilichoniokoa ni utaratibu uliolegezwa Februari 2023, unaoruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama iliyo chini ya kiwango kwa zaidi ya nusu. Kusoma kwangu kulihesabiwa kutoka mtihani wa kwanza, kuandika kutoka wa pili. Nawafahamu wauguzi wawili waliokata tamaa wakiwa na matokeo kama yangu, na hakuna aliyewaambia habari hii.

Mtihani wa uuguzi wa kwenye kompyuta, unaoitwa CBT, niliufanyia Nairobi, maana kwa mtu wa Moshi safari ya kupitia Namanga ni fupi kuliko ya Dar es Salaam. Ukifika unapigwa picha, unatoa kila kitu mfukoni, unapewa ubao mdogo wa plastiki na kalamu ya kufutika. Sehemu ya kwanza ni hesabu za dawa, maswali 15 kwa dakika 30. Ya pili ina maswali 100 ya uuguzi kwa saa mbili na nusu. Maswali yenyewe sitayataja, kwa kuwa mtahiniwa hukubali kutoyatoa. Ninaloweza kusema ni kwamba muuguzi aliyezoea wodi zetu hana sababu ya kuogopa hesabu. Sisi tumelea wagonjwa kwa kuhesabu matone huku tukiangalia saa ya ukutani: mililita 1,000 kwa saa 8, kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika, na hesabu hiyo tunaifanya tukiwa tumesimama. Tofauti ni kwamba wao hutumia zaidi pampu, kwa hiyo maji yale yale kwao ni mililita 125 kwa saa. Kilichohitaji kusoma kwa bidii ni kanuni zao za maadili, sheria za ridhaa ya mgonjwa, na NEWS2, jedwali la alama linaloonyesha mgonjwa anavyozidiwa kwa kuangalia upumuaji, oksijeni, shinikizo la damu, mapigo, fahamu na joto. Sista mmoja wa zamu yetu alikuwa akinijazia jedwali hilo kwa namba za kubuni nyuma ya karatasi za oda, tukishapumzika saa tisa usiku, na kunitaka niseme daktari aitwe au asiitwe.

Lipo jambo moja lililoniumiza, na ni haki lisemwe. Sisi Tanzania tunasajiliwa kuwa wauguzi na wakunga kwa pamoja. Uingereza hizo ni taaluma mbili zenye usajili tofauti, na uuguzi wenyewe umegawanywa tena: wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili na wa wenye ulemavu wa kujifunza. Niliomba uuguzi wa watu wazima. Maana yake ni kwamba mikono hii iliyopokea watoto mamia haitaruhusiwa kisheria kuzalisha huko, isipokuwa katika dharura, mpaka nifuate njia tofauti ya ukunga yenye mtihani wake. Mama yangu, ambaye majirani zake wa Kibosho humwita mama wa mkunga, bado hajalikubali jambo hilo, na mimi mwenyewe kuna siku linanirudia nikipita mlango wa leba.

Kuhusu gharama, nilipoomba mimi NMC ilitoza pauni 140 kwa kutathmini ombi, 83 kwa CBT, 794 kwa mtihani wa vitendo, ambao ndio ule wa mwisho, na 153 kwa kusajiliwa, jumla pauni 1,170, bila kuhesabu IELTS, nauli na wakili. Hazilipwi kwa pamoja, na waajiri wengi wa huko hulipia mtihani wa vitendo. Benki nayo iulizwe mapema, kwa kuwa kadi yangu ilikataliwa mara mbili hadi nilipokwenda tawini kuomba iruhusiwe kulipa mtandaoni. Nikiombwa kutoa nyota, naipa huduma hii nne kati ya tano. Hatua zote zinaonekana kwenye akaunti, na barua pepe zangu zilijibiwa kwa lugha ya kueleweka. Nyota moja naipunguza kwa sababu ombi langu lilikaa wiki saba likiwa na maneno yale yale, kwamba linafanyiwa tathmini, bila dalili yoyote kama tatizo ni jina, leseni au foleni tu.

Kazi niliiomba mwenyewe katika tovuti ya ajira ya hospitali za umma za Uingereza, nikahojiwa kwa video nikiwa chumbani kwangu Pasua, na sasa nasubiri viza. Nikifika, natakiwa kufanya mtihani wa vitendo, ule tunaouita OSCE hata vyuoni kwetu, ndani ya wiki 12 tangu nianze kazi. Una vituo kumi ambavyo mtahiniwa huvipitia kimoja baada ya kingine, na kwa ombi moja mtu hupewa nafasi tatu za kuufanya. Kinachowaangusha wengi, kwa nilivyoelezwa na waliotangulia, ni yale yanayopaswa kusemwa na kuulizwa kabla ya kumgusa mgonjwa, mambo ambayo katika wodi yenye wagonjwa wengi tumezoea kuyaruka. Kwa hiyo kila jioni mdogo wangu hujilaza kwenye kochi akiwa na plasta kwenye kifundo cha mkono iliyoandikwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Ninanawa, ninajitambulisha, ninaomba ridhaa, ninalinganisha plasta na karatasi ya dawa. Nikisahau kumuuliza kama ana mzio wa dawa yoyote, hafungui mdomo, nami ninarudi mlangoni kuanza upya.