TAHADHARI: Chipu za ATECC608 zinauzwa kama mpya na zimeshafungwa

Wakuu, hasa mnaotengeneza mita za maji, vifaa vya kufuatilia magari na vinginevyo vinavyoongea na seva: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya mafundi na ATECC608 (chipu za Microchip za kutunza ufunguo wa siri ambao kifaa hujitambulishia kwa seva) za bei ya kutupa. Anasema ni mpya na tupu. Si kweli. Kijana ninayefanya naye kazi alinunua kwake, tukazipima, hakuna hata moja iliyokubali kusanidiwa, yaani kupangiwa itumikeje.

Chipu hii ina eneo la usanidi la baiti 128 ambalo yeyote anaweza kulisoma. Baiti ya 87 (ukihesabu kuanzia 0) ndiyo inayoonyesha kama eneo hilo limefungwa: chipu tupu inatoa 0x55, iliyofungwa inatoa 0x00. Zetu zote zilitoa 0x00. Ikishafungwa haifunguki tena kwa njia yoyote. Aliyeifunga ndiye aliyepanga nafasi zote 16 za kuhifadhi funguo na data zitumikeje, na wewe uliyelipa huna la kubadilisha. Miguuni kulikuwa na lehemu ya zamani iliyopanguswa haraka haraka, yaani zimeng'olewa kwenye bodi za watu.

Alipobanwa akajibu kwamba zimefungwa kiwandani kwa ajili ya usalama. Hapo ndipo anapowanasa wengi, maana Microchip kweli wanazo zinazotoka zikiwa zimesanidiwa, Trust&GO na TrustFLEX. Lakini Trust&GO huitika kwenye anwani ya I2C (nyaya ambazo bodi huongea na chipu) 0x35, TrustFLEX 0x36. Za huyu bwana zinaitika 0x60, anwani ya chipu tupu. Anajua anachofanya.

Kibaya zaidi ni ofa yake ya pili: uongeze hela, akupe chipu "zilizo tayari" pamoja na faili la funguo za siri, analituma kwa WhatsApp. Jamani! Tunanunua chipu hii ili ufunguo uzaliwe humo ndani na usitoke kamwe. Mwenye faili ni kwamba aliuandika ufunguo kutoka nje, na nakala anabaki nayo. Siku akiamua, anajitambulisha kwa seva yako kama mita ya mteja wako, na seva inampokea kwa sababu saini ni halali.

Kabla ya kutoa hela yako, soma baiti ya 87 kwa bodi yako mwenyewe. Arduino ya kawaida inatosha. Tuma na amri ya Info, inayotaja toleo la chipu: katika baiti nne za toleo, ya tatu iwe 0x60. Ikiwa 0x50, unauziwa ATECC508A, toleo la nyuma. Muuzaji akikataa upime, usinunue.

Na wale ambao tayari mna chipu zake zilizokuja na faili, futeni vyeti vya chipu hizo (vinavyoifanya seva izikubali) leo hii, ndipo mzing'oe kwenye vifaa. Anzeni na seva, kwa sababu hata chipu ukiivunja, faili bado analo.