Nimehama chuo kutoka Bara kuja Unguja: uzoefu wangu

Mwaka mzima wa kwanza wa chuo niliumaliza bila ya kushika bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia asidi maabara, kwa mkono wangu. Nasoma ualimu wa sayansi, kemia na biolojia, na nimetoka Skuli ya Fidel Castro pale Pemba, ambako kidato cha sita tulifanya taitresheni, kutia asidi tone tone mpaka rangi igeuke, mpaka mtu akawa anaiota usingizini. Leo nimo mwaka wa pili katika chuo chengine, hapa Unguja. Wadogo zangu wa skuli kila siku wananiuliza, "Dada, nihame nisihame?" na kila mmoja namjibu kipande kipande kwenye simu. Hapa nayaweka yote pamoja.

Vyuo vyenyewe sitavitaja. Nilichotoka kiko Bara, nilichohamia kiko huku, na hiyo inatosha, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na masomo mazuri ya sheria na sayansi mbovu, na mtu akahukumu chuo kizima kwa maabara yangu mimi.

Kule tulikuwa wengi na vifaa vichache. Siku ya vitendo fundi wa maabara alikuwa akifanya mbele, sisi tulio nyuma tunanyosha shingo, kisha namba zinaandikwa ubaoni: 24.6, 24.5, 24.5. Tunanakili. Usiku nimekaa kitandani dahalia natafuta wastani wa namba ambazo sikuziona zikitokea, na naandika ripoti kwamba "niliona rangi ikibadilika". Sikuiona. Nitakuja kusimama mbele ya watoto wa Wete na Micheweni nifundishe kemia, nitawaonyesha nini?

La pili lilikuwa matokeo. Kozi moja ya muhula wa kwanza matokeo yangu hayakutoka. Mtihani nimefanya, kwenye karatasi ya mahudhurio nimesaini, wenzangu wote wameona alama zao, mimi pale pana mstari mtupu. Niliingia ofisi tatu, kila moja ikanambia niende nyengine. Muhula wa pili ukamalizika na ule mstari uko pale pale.

Lakini sikuwa na chuki na pahala pale, na hili ndilo lililonipa tabu zaidi kuliko yote. Mwalimu wetu wa saikolojia ya elimu sijapata kumuona mfano wake. Akiingia darasani hata wale wa safu ya mwisho huzima simu. Nilikuwa na rafiki wa Tanga na mwengine wa Songea, tunapika pamoja, tunaamshana kwa ajili ya mtihani. Mtu akikwambia kuhama ni jambo jepesi, basi hakuacha kitu nyuma.

Wenzangu walinibeza kidogo. "Unatoka Bara urudi kwenye vyuo vya jana?" Niliwajibu kwamba Zanzibar University ya Tunguu na kile chuo cha Chukwani, ambacho leo ni SUMAIT, vyote vilianza 1998, na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliundwa kwa sheria ya 1999 ikaanza kusomesha 2001. Kuna walimu wanaotufundisha sasa ambao walisoma humo humo.

Likizo nikarudi Wete. Ulikuwa msimu wa karafuu, na mimi ndiye ninayesomeshwa kwa karafuu; mkopo sina. Wachumaji wamekuja na magunia yao, wamepimiwa pishi zao, wamelipwa, wameondoka. Usiku tumebaki mimi, mama, baba na mdogo wangu kwenye jamvi tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata ukila na kijiko. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikamueleza baba yote, bureti, mstari mtupu, yote. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza:

"Ukihama, utamaliza lini?"

Nikasema, "Sijui, baba. Nadhani wakati ule ule."

"Usinambie 'nadhani'. Nenda kaulize, uje na jibu."

Hakusema nihame wala nisihame. Mimi nilikuwa na sababu kumi za kuondoka, na lile swali moja sikuwa na jibu lake. Miezi yote ile nilikuwa napima chuo kipi kizuri. Sikuwa nimeuliza kile nilichokwisha kukisoma kitakuwa na thamani gani mlango wa pili.

Wiki ile ile nikapanda boti Mkoani kwenda Unguja, nikaenda ofisi ya usajili ya chuo nilichokitaka. Nilibeba transkripti ya muda, yaani karatasi ya matokeo ya chuo, cheti cha kidato cha nne na cha sita, na, kwa ushauri wa rafiki yangu wa Tanga, muhtasari wa kila kozi niliyosoma. Mihtasari hii ndiyo iliyoniokoa. Jina la kozi halimwambii mtu kitu; vyuo viwili vinaweza kuwa na "Kemia ya Msingi" na ndani yake mambo mbalimbali. Ukiwa na mpango wa kuhama hata wa mbali, anza leo kuhifadhi mihtasari yako. Ukishaondoka, kuipata ni kazi.

Nilimkuta mama mmoja wa makamo, kavaa miwani yenye kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, karibu mwanangu, kaa." Akachukua karatasi zangu, akatoa na zake, akaziweka sambamba juu ya meza, akatia ncha penseli yake. Hakuwa na haraka. Alinieleza kwanza kwamba TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inasimamia vyuo vikuu vya Bara na vya Visiwani, kwa hivyo kipimo ni kimoja: krediti moja ni saa 10 za kusoma, mwaka mmoja ni krediti 120, shahada ya miaka mitatu ni 360. "Kwa hivyo wewe hapa umekuja na 120 zako. Tutazame ngapi zitakaa."

Akaanza. Anasoma muhtasari wangu mstari kwa mstari, kisha wa kwao, kisha anaweka alama. "Hii tunaichukua. Hii tunaichukua. Hii... ngoja." Anarudi nyuma. Mimi mikono yangu iko chini ya meza, nimeikamata. Ilichukua kama saa nzima. Kozi zangu zilikuwa kumi, kila moja krediti 12. Saba zikapata alama ya penseli, tatu zikabaki bila.

Ya kwanza iliyokataliwa ilikuwa stadi za mawasiliano, kwa sababu kwao imeunganishwa na kitu chengine. Hiyo haikuniuma. Ya pili ile ambayo matokeo yake hayakutoka. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Mwanangu, mimi siwezi kuhesabu mstari mtupu." Kozi nimeisoma, mtihani nimeufanya, na nikijua nimepasi. Pale nilitaka kulia. Ya tatu kemia ya mwanzo: saa za vitendo kwenye muhtasari wangu zilikuwa chache mno kuliko zao. Ile maabara niliyokuwa naikimbia imenifuata mpaka kwenye meza ile.

Basi 84 zimekubaliwa, 36 zimebaki. Nikamuuliza swali la baba. Akapiga hesabu: mbili naweza kuzisoma juu ya mzigo wangu wa kawaida, lakini kemia ya mwanzo ni sharti la kemia ya mwaka wa pili, kwa hivyo hiyo itanisukuma mbele muhula mmoja. "Utamaliza kwa miaka mitatu na nusu, ukipasi zote." Nikamuomba aniandikie. Akaniandikia, akagonga muhuri. Usitoke ofisi yoyote ya uhamisho na maneno matupu. Mtu aliyekwambia anaweza kuhamishwa kitengo, na anayekuja hakujui.

Kabla sijaondoka nikaomba nione maabara. Niliomba niione siku ya kazi, wanafunzi wakiwemo, kwa sababu chumba kilichofungwa kila kitu kinang'ara. Nikapelekwa. Watu wawili wawili kila meza. Fundi wa maabara, mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe, akaniuliza, "Umekuja kutazama au kufanya?" Nikasema kufanya. Akanipa koti. Asidi kwenye bureti, chini yake chupa ya besi (kinyume cha asidi) imetiwa kiashiria, dawa inayogeuka rangi, nayo ni ya manjano. Akanirekebisha mara moja tu, niinamishe kichwa mpaka jicho liwe sawa na usawa wa maji, ndipo nisome. Nikafungua bomba la bureti polepole, mkono wa kulia natikisa chupa. Manjano, manjano, manjano. Nikaziba kidogo, tone, tone. Tone moja likaanguka na chupa nzima ikageuka rangi. Nikasoma 22.3. Namba yangu mwenyewe. Nilipomrudishia koti niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa nacheka peke yangu.

Hesabu ya pesa niliifanya kwenye boti ya kurudi. Muhula mmoja wa ziada kwangu ni 650,000 za ada. Upande wa pili, Bara nilikuwa napata dahalia muhula mmoja, uliobaki napanga chumba cha 70,000 kwa mwezi, na kila likizo nauli ya boti mbili, Dar mpaka Unguja, Unguja mpaka Pemba. Huku ningekaa kwa mama mdogo Jang'ombe bila ya kodi. Kwangu mizani ilikuwa karibu sawa, na kukaa karibu na nyumbani kukazidisha. Kama huna jamaa Unguja, hesabu yako haitakuwa hii, usiichukue yangu.

Baba aliisoma ile barua mara mbili. Akauliza, "Nusu mwaka tu?" Nikasema ndiyo. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba anaowekea stakabadhi zake za kuuzia karafuu za ZSTC, shirika la biashara la Serikali.

Kuondoka kule kulinichukua wiki tatu. Barua ya kuomba ruhusa, kisha fomu ya kukabidhi inayotaka saini ya maktaba, dahalia, maabara na uhasibu. Maktaba nilikuwa na kitabu kimoja nilichomuazima mwenzangu, na yeye kasafiri. Siku nne zikapotea kwa kitabu kimoja. Ada lazima uwe umeilipa yote, vyenginevyo transkripti haitoki. Na chuo cha huku kilitaka kozi zote nilizokuja nazo ziwe zimepasiwa, hapana sapu, mtihani wa marudio, inayoning'inia. Kwa wenye mkopo, mkopo umeandikwa kwa chuo ulichopo, kwa hivyo ikiwa ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar au ya Bara, ijulishe kabla ya kuhama. Mwenzangu tuliyehama pamoja aliiandikia baada ya kufika, na muhula mzima tulikuwa tunamgaia chakula.

Ugumu wa huku upo, nisiufiche. Dahalia nilizikuta zimeshajaa. Alfajiri natoka Jang'ombe, nabadilisha daladala Kwerekwe, na jioni mvua ikinyesha nafika nyumbani baada ya Isha. Kemia ya mwanzo nasoma na watoto wa mwaka wa kwanza, na wiki za mwanzo waliniita "mwalimu" kwa kunidhani msaidizi wa mhadhiri. Ratiba zinagongana: Jumatano nina vipindi viwili kwa wakati mmoja, kimoja naomba daftari la mwenzangu. Na marafiki nimewaacha. Yule wa Songea hunipigia bado, lakini si sawa na kuamshana.

Ofisi ya usajili ya huku naipa nyota tano, kwa ajili ya yule mama na penseli yake. Maabara tano. Malazi mbili. Chuo nilichotoka, kwa kozi yangu, nyota mbili, na zote mbili ni za yule mwalimu wa saikolojia. Ule mstari mtupu bado naufuatilia. Mwezi uliopita nimeandika barua ya tano na nakala nimempelekea mama wa usajili, kwa sababu aliniahidi kwamba alama zikija hata leo, atachukua penseli yake aitie ile kozi alama, na krediti 84 zitakuwa 96.