Chakula cha Kiitaliano Arusha: ukale mgahawani au uletewe nyumbani?

Kwa ladha ya piza, mgahawani kunashinda kabisa. Piza ya mtindo wa Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu, ndani ya tanuri la kuni lenye joto la karibu nyuzi 485 za Selsiasi, na inataka kuliwa papo hapo. Ukiifungia kwenye boksi mpaka Njiro, mvuke unalainisha ukingo na jibini linaganda. Kwa baridi ya Julai ndiyo usiseme. Tambi nazo huendelea kunywa mchuzi njiani. Lasanya, yaani tambi bapa zilizopangwa tabaka kwa tabaka na mchuzi na kuokwa, ndiyo pekee inayovumilia safari. Hata ukiipasha moto kesho yake, bado tamu.

Gharama? Kuletewa kuna nauli ya bodaboda, ila soda mnakunywa za dukani, na hapo familia kubwa inaokoa pesa.

Oda ikichelewa mgahawani, unamwita mhudumu: "Samahani dada, chakula chetu vipi?" Kwenye simu utaambiwa tu "yuko njiani".

Mwenye watoto wanaolala mapema aagize lasanya. Wawili wenye mazungumzo marefu waende wakakae karibu na tanuri.