Mbwa kujiburuta sio minyoo kila saa: uzoefu wangu na kliniki moja ya wanyama mtaani Umoja

Bosco wangu ni mbwa mdogo, chotara wa Spitz, ana miaka sita. Mwezi wa tano akaanza kujiburuta matako kwa kapeti, na mtu akiona hivo anawaza nini kama sio minyoo? Nikaenda agroveti nikanunua dawa nikampa, wiki mbili baadaye nikarudia, bado tu anajiburuta, halafu akaanza kujilamba huko nyuma usiku kucha mpaka namsikia nikiwa kitandani, na nyumba nzima ikawa inanuka shombo kama omena imelala kwa sufuria siku tatu. Siku aliyolia akijaribu kukaa ndio nilimbeba nikaita boda.

Kliniki ni ndogo, na foleni yake inaumiza kusema ukweli. Tulingoja karibu masaa mawili na hakuna wa kukuambia utaingia lini. Hapo warekebishe, mnyama ana maumivu na ameketishwa katikati ya mbwa wakubwa wanaobweka.

Lakini daktari nampa nyota zote. Hakukimbilia sindano. Aliinua mkia akanionyesha uvimbe mwekundu upande wa kushoto, akaniambia, "Mama Bosco, hapa kuna vifuko viwili vya tezi, kimoja kila upande wa mkundu. Chukulia ni uso wa saa, viko penye namba 4 na namba 8. Kawaida vinajikamua vyenyewe akienda choo kigumu kiasi. Vikiziba, ute unaganda, bakteria wanaingia, ukichelewa linakuwa jipu na linapasuka nje."

Akavaa glavu, akapaka mafuta, akaingiza kidole pole pole huku msaidizi amemshika Bosco kichwa anamwongelesha. Kulia kukatoka maji maji ya kahawia. Kushoto kukatoka kitu kizito kama siagi ya karanga, kina usaha na damu, na harufu ni ile ile ya kwangu nyumbani. Akakisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, akatupa antibayotiki, dawa ya maumivu, na ile koni ya shingoni asijilambe. Nilikuwa nimebeba Brufen kwa mkoba nikidhani itamsaidia, akanikataza kabisa, inaharibu tumbo na figo za mbwa. Na panadol kwa paka ni kifo. Hiyo mtu asikie vizuri, dawa za watu usimpe mnyama bila kuuliza.

Nililipa 3,500 kwa M-Pesa, sio kidogo, ila ukiongeza pesa nilizomwaga agroveti bila faida nasikitika sikuja mapema.

Kitu kingine, yule anayemwogesha Bosco alikuwa anamkamua kila mwezi hata kama hana shida. Daktari alisema tuache, kifuko kisichojaa ukikifinya finya unakiudhi bure. Badala yake apunguze uzito, na kwa chakula naongeza malenge ya kuchemsha bila chumvi ili choo kishikane. Akasema pia tatizo likirudi rudi tutaangalia kama ni aleji ya ngozi, na kwa mbwa mzee uvimbe wa hapo lazima upimwe, unaweza kuwa saratani.

Tulirudi baada ya wiki mbili, akagusa, vifuko viko laini, akaviacha. Bosco sasa anakaa chini vizuri. Jirani yangu ana paka amejilamba chini ya mkia mpaka manyoya yameisha, nimemwambia hata paka wana hizo tezi, Jumamosi tunaenda naye, na tutafika mapema kabla foleni haijaanza.